Biti ya Kwanza Newala: Flashi ya Fundi Ibebe Nini?

Kijana wa Newala anayetaka kutengeneza muziki leo hakosi hamu, na mara nyingi hakosi hata kompyuta ya kuazima. Anachokosa ni mtu wa kumwambia aanzie wapi. Akishuka Masasi, fundi atamwingizia kila kilichomo kwenye flashi: programu kubwa iliyovunjwa kufuli, ala za kielektroniki za kila namna, na maelfu ya milio ya ngoma za watu wa mbali. Akibaki huku juu Newala ataambiwa muziki ni wa wenye pesa, asubiri msimu wa korosho. Majibu yote mawili yanamchelewesha. La kwanza linamwachia mashine inayozimika kila baada ya dakika kumi, la pili linamlia miaka.

Ndiyo maana nimeandaa mjadala huu. Wasemaji sikuwapa majina kwa sababu kila mmoja anabeba hoja za wengi: Fundi wa kompyuta wa Masasi, Prodyuza mwenye chumba cha kurekodia Newala, Binti aliyemaliza kidato cha nne, na Mzee mpiga ngoma. Mimi naendesha tu, ila upande wangu sitauficha.

BINTI: Shikamooni wote. Kaka yangu ameniachia kompyuta mpakato. Ina Windows 10, RAM ya GB 4, na nafasi iliyobaki ni kama GB 30. Nataka kutengeneza biti. Kila ninayemuuliza anasema weka programu ya FL Studio, halafu anaanza kutaja vitu vya ziada mpaka nachanganyikiwa. Naomba nielezwe taratibu.

FUNDI: Marahaba, mdogo wangu. Hapo hakuna cha kuchanganya. Lete mashine, nakupigia Windows upya, nakuwekea FL kamili, na juu yake nakuongezea piano, magitaa, vinanda, kile cha kunyoosha sauti, na folda la milio lenye GB 20. Ukitoka hapo unaenda kufanya kazi. Watu wananilipa, wanaondoka wameridhika.

PRODYUZA: Kaka, ana GB 30 kwenye mashine nzima. Ukimjazia milio ya GB 20 kompyuta itapumulia wapi? Windows yenyewe inahitaji nafasi, na kila anachorekodi kinahitaji nafasi.

FUNDI: Atafuta asichotaka.

PRODYUZA: Mtu anayeanza hajui asichotaka. Hata folda hajui lipi ni la nini.

Hapa mwendeshaji anaungana na Prodyuza. Vijana wengi niliokaa nao husumbuliwa zaidi na wingi wa vitu kuliko uchache wake. Jioni nzima inaisha mtu akisikiliza mlio mmoja wa besi baada ya mwingine, na hajaweka hata mapigo manane ya kwanza. Lakini Fundi ana hoja nzito zaidi ya hiyo, na ni haki isikilizwe hadi mwisho.

FUNDI: Tuseme ukweli kuhusu bei. FL Studio toleo dogo ni karibu dola 100. Lile lenye kila kitu cha kurekodi sauti linakaribia dola 200. Piga kwa shilingi 2,500 kila dola, hiyo ni laki tano. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo ya korosho huku kwetu ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na hiyo ilikuwa bei ya kushangiliwa. Kwa hiyo programu moja ni zaidi ya kilo 120 za korosho, bado makato ya chama. Mzazi gani atauza kilo 120 ili mtoto akacheze na kompyuta? Na hata pesa ikipatikana, kulipia nje kunataka kadi ya benki. Mimi namfungulia mlango mtoto wa mkulima. Mnaoniita mwizi semeni na njia nyingine.

MZEE: Hapo amesema. Zamani mwenye kipaji huku alikuwa anakufa nacho. Kurekodi ilikuwa Dar es Salaam, na kufika Dar es Salaam ilikuwa shughuli. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, mlikuwa mnasubiri kivuko, na masika yakikolea barabara inakatika kabisa. Nani angebeba ngoma safari hiyo?

PRODYUZA: Kweli, Mzee. Studio zilizotengeneza bongo fleva miaka ya tisini, ya P-Funk Majani, ya Master J, zote zilikuwa Dar. Hata Harmonize ni mtoto wa jirani zetu Tandahimba, lakini jina lake lilitokea Dar mwaka 2015 alipoingia lebo ya Wasafi. Ndiyo maana kompyuta hii ya Binti naiona kubwa. Safari ile haihitajiki tena. Sasa kama mlango umefunguka, kwa nini tumwingize kwa kitu kitakachomwangusha?

FUNDI: Kitamwangushaje?

PRODYUZA: Nikuulize wewe. Ukiwa unaweka ile kraki, lile faili la kuvunja kufuli, kitu cha kwanza unachomwambia mteja ni nini?

FUNDI: Zima antivairasi.

PRODYUZA: Basi ndipo ninapoogopa. Mlinzi anayezimwa ndiye ambaye angetambua faili lenye kirusi. Faili la kraki limebadilishwa na mtu usiyemjua, limepita mikono mia, na wewe huna njia ya kujua aliyelibadilisha aliongeza nini. Mashine ngapi unazipokea pale kwako folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibofya hazifunguki, na kila flashi inayochomekwa inatoka nayo ugonjwa?

FUNDI: Nyingi. Siwezi kukataa.

PRODYUZA: Na hao wengi walitoka wapi? Kuna jambo jingine ambalo mtu haligundui mpaka limkute. Mradi wa biti hauhifadhi zile ala za ziada ndani yake. Unahifadhi maelekezo tu: hapa ita piano fulani, hapa ita besi fulani. Siku mashine ikipigwa Windows upya na flashi yako imepotea au ina toleo jingine, mradi unafunguka na wimbo unatoka bila piano na bila besi. Kazi ya miezi inakaa pale kwenye skrini, haitoi sauti. Nimeletewa miradi ya namna hiyo, na mwenye nayo hakumbuki hata jina la ala aliyoitumia.

Hili la mwisho nataka lipewe uzito. Watu wanazungumza habari ya kraki kama suala la sheria pekee, na sheria ipo kweli: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa haki hizo. Binti anayetaka kesho adai haki ya nyimbo zake, anadai kwa sheria ileile. Lakini hata asiyejali sheria atajali siku wimbo wake haufunguki.

BINTI: Sasa kama siweki kraki na pesa sina, naweka nini?

PRODYUZA: Kuna njia mbili, zote halali. Ya kwanza, FL yenyewe ina toleo la majaribio. Unalipakua kwa wenyewe, Image-Line wa Ubelgiji, ndio wanaoitengeneza tangu 1997 ilipokuwa inaitwa FruityLoops. Pakua usiku bando likiwa rahisi, maana ni mzigo wa karibu GB 1. Toleo hilo linakupa kila kitu, na linakuruhusu kutoa biti yako kama WAV au MP3. Kizuizi chake kikubwa ni hiki: ukihifadhi mradi na kuufunga, hutaufungua tena kuendelea mpaka ulipie.

FUNDI: Na umeme ukikatika katikati?

PRODYUZA: Ndiyo shida yake kwetu. Betri ya kompyuta iwe nzima, la sivyo umepoteza. Lakini kama mazoezi, hilo sharti lina faida. Unakaa, unaanza, unamaliza, unatoa. Kesho unaanza nyingine.

MZEE: Ngoma ndivyo ilivyo. Hatuahirishi katikati.

PRODYUZA: Na ikifika siku umepata pesa, ukalipia, matoleo mapya yote yanayofuata unapewa bila kuongeza kitu. Ile miradi uliyoihifadhi wakati wa majaribio nayo inafunguka. Hata kadi ya kulipia si kikwazo kama zamani. Siku hizi unafungua kadi ya mtandaoni kwenye simu kupitia pesa za simu.

BINTI: Na njia ya pili?

PRODYUZA: LMMS. Hii ni ya bure kabisa, wala haikuzuii kufungua mradi. Ni nyepesi: makumi ya megabaiti, siyo gigabaiti. Mpangilio wake unafanana na FL, una visanduku vya mapigo, una kinanda cha kuchora noti, una meza ya kupanga nyimbo. Ndani yake tayari kuna ZynAddSubFX, sinthesaiza ambayo hutaimaliza mwaka huu. Upungufu wake ni kwamba toleo lake la kawaida halirekodi sauti. Kwa hiyo unaiweka na Audacity pembeni, nayo ya bure. Unarekodi kwenye Audacity, unatoa WAV, unaingiza LMMS.

FUNDI: Wateja hawataitaka. Wanaangalia mafundisho kwenye YouTube, wanaona FL, wanataka FL. Ukiwawekea LMMS wanasema umewapunja.

PRODYUZA: Hapo sikubishii. Hata mimi natumia FL, nimeilipia. Lakini huyu anaanza. Na wewe nikukumbushe kitu chenye faida kwako. LMMS na Audacity zina leseni ya GPL. Leseni hiyo inakuruhusu kunakili na kugawa, mradi ufuate masharti yake. Yaani flashi yako hiyohiyo, ukiiweka hizo mbili, umekuwa muuzaji halali. Unatoza kazi ya mikono yako: kusafisha mashine, kuingiza, kumwelekeza mteja saa moja. Hakuna anayeweza kukuuliza.

FUNDI: Nitatoza kiasi gani kwa kitu cha bure?

PRODYUZA: Unatoza kiasi gani kupiga Windows?

Fundi hakujibu swali hilo, na sitamjibia. Ila naliona kuwa kiini cha mjadala wote. Mafundi wa Masasi ndio chuo cha kompyuta cha wilaya hizi, iwe tunataka au hatutaki. Mtoto wa Chiungutwa au wa Kitangali hatasoma mwongozo wa Kiingereza wenye kurasa mia. Ataketi kwenye benchi la fundi na kutazama anavyobofya. Kinachokaa kwenye ile flashi ndicho kinachoamua kizazi kizima kianze na nini. Kubadilisha flashi ni rahisi kuliko kujenga chuo.

FUNDI: Lakini mnasahau singeli. Vijana wa Mburahati pale Dar hawakusubiri vifaa. Walikaa kwenye vyumba vidogo na kompyuta za kawaida, wakatengeneza muziki unaokimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa ule mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Dunia ikageuka kutazama.

PRODYUZA: Umenisaidia. Walikuwa na nini? Kidogo. Walikata vipande vya taarabu na mchiriku, wakavikimbiza, wakaviviringisha mpaka vikawa kitu kipya. Nguvu haikutoka kwenye wingi wa vinanda. Na siyo kwetu tu. Yule 9th Wonder wa Marekani alitengeneza biti ya Threat kwenye The Black Album ya Jay-Z, 2003, kwa FruityLoops, wakati wenye studio kubwa wanaiona mchezo wa watoto. Kila ukichunguza, aliyefika alikuwa na vitu vichache anavyovijua sana.

BINTI: Nimeelewa kuhusu programu. Bado sijaelewa hivi vya ziada. Kuna vitu vinaitwa plagini, kuna draiva, kuna kodeki. Vyote navihitaji?

PRODYUZA: Hapana. Tuvipange kwa shida inayokukuta, ndipo utajua unahitaji nini. Shida ya kwanza: unabonyeza kitufe, mlio unakuja umechelewa. Hapo tatizo ni draiva ya sauti. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Sauti ina vipande 44,100 kwa sekunde. Fungu likiwa la vipande 2,048 unachelewa milisekunde 46 hivi, na mkono wa mpigaji unalisikia hilo. Ukishusha hadi 512 unabaki na kama milisekunde 12, hutasikia. FL inakuja na draiva yake ya ASIO, na programu nyingine zinazokubali ASIO unaweza kuziwekea ASIO4ALL, ya bure. Ukishusha mno mashine ya GB 4 itaanza kukwaruza, basi unapandisha kidogo. Hicho ni cha ziada cha kweli, maana kinaondoa shida uliyonayo.

BINTI: Na kodeki?

PRODYUZA: Shida ya pili. Umerekodi ngoma kwa simu, unapeleka Audacity, inakataa. Simu nyingi huhifadhi sauti kwa M4A, na Audacity ya Windows haiifungui mpaka uipe FFmpeg. Unaipakua mara moja, unaiweka, imeisha. Zamani hata kutoa MP3 kulitaka uongeze kitu kinachoitwa LAME, kwa sababu MP3 ilikuwa na hataza. Hataza ziliisha, na tangu toleo la 2.3.2 la mwaka 2019 LAME imo ndani. Kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yanakutuma kutafuta LAME, yapite.

FUNDI: Hilo hata mimi bado nawawekea watu.

PRODYUZA: Acha. Ni faili moja zaidi la kutafuta kwenye tovuti za ajabu. Sasa plagini. Hizi ni ala na vifaa vya kunogesha vinavyochomekwa ndani ya programu. Mfumo wake, VST, uliletwa na Steinberg wa Hamburg mwaka 1996. Wanaoanza wanakwama sehemu mbili. Kwanza wanaweka plagini ya biti 32 kwenye programu ya biti 64 isiyoikubali, au wanaweka VST3 kwenye programu inayosoma VST ya zamani tu, kama LMMS, halafu wanasema haionekani. Pili hawajui ilipokwenda. VST3 kwa Windows ina mahali pake maalumu: Program Files, ndani yake Common Files, ndani yake VST3. Ukiiweka hapo, FL inaikuta ikitafuta. Ukiitupa kwenye Desktop, utatafuta wewe.

BINTI: Kwa hiyo niweke ngapi?

PRODYUZA: Mwezi huu, sifuri. Zilizokuja na programu zinatosha. Baadaye, ukiona unakosa kitu unachoweza kukitaja kwa jina, weka kimoja. Kuna Surge XT, kuna Vital, zote unaweza kuzipata bila malipo, japo Vital itaisumbua mashine ya kizee. Usiweke kwa sababu umeona mtu anayo.

MZEE: Na ngoma je? Mmezungumza saa nzima, sijasikia ngoma.

Mzee ana haki ya kuuliza. Folda lile la GB 20 limejaa milio ya ngoma, na hakuna hata pigo moja la Newala ndani yake. Kuna jambo ambalo vijana wa hapa hawafundishwi: sauti za wilaya hizi zilirekodiwa mapema mno. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya filamu. Watu waliimba mbele ya tarumbeta la mashine, sauti ikachorwa kwenye mitungi ya nta, na mitungi ikapelekwa Ujerumani. Miaka mia na zaidi baadaye mtoto wa Newala analetewa milio kutoka ughaibuni kama kitu cha ziada, wakati milio ya babu zake ilishasafirishwa kwenda hukohuko. Hilo linaniuma, na nasema wazi kwamba linaniuma.

PRODYUZA: Mzee, mimi ningependa cha ziada cha kwanza cha huyu Binti kitoke kwako.

MZEE: Kwa simu hiyo?

PRODYUZA: Kwa simu hiyo. Tuelekeze tu.

MZEE: Basi sikilizeni, maana mnakosea kabla hamjaanza. Ngoma haipigwi ikiwa baridi. Unawasha moto mdogo wa majani makavu, unaielekeza ngozi kwenye joto, unaizungusha, unaigonga kwa kidole, unarudisha. Ikilia inavyotakiwa ndipo unaondoa. Ile ndogo, chinganga, yenye mguu uliochongoka, tunaichomeka ardhini na kuipiga kwa fimbo nyembamba, na sauti yake lazima ikate. Ngoma ikikaa inapoa, sauti inashuka. Kwa hiyo mkitaka kurekodi, rekodini ikiwa ya moto, msije mkaanza kuhangaika na waya ngozi ikilegea.

PRODYUZA: Hiyo ndiyo siri ambayo hakuna plagini inayoijua. Binti, andika. Simu isikae karibu. Simu zina tabia ya kupunguza sauti yenyewe ikisikia kishindo, pigo la kwanza linakuwa kubwa, yanayofuata yanamezwa. Rudi nyuma hatua kadhaa mpaka mchoro wa sauti usiguse juu. Msirekodi ukingoni kule Shimo la Mungu, mandhari ni nzuri ila upepo utaingia kwenye maiki. Kaeni nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa udongo, siyo chini ya bati.

BINTI: Nirekodi wimbo mzima au pigo mojamoja?

PRODYUZA: Vyote. Kwanza pigo mojamoja: katikati ya ngozi, pembeni, fimbo, kiganja, kubwa na dogo. Kila moja mara kadhaa, kwa sababu mkono wa mtu haupigi sawasawa mara mbili, na huo utofauti ndio uhai. Acha kimya kati ya pigo na pigo mpaka mlio uishe. Ukirudi, fungua Audacity, kata kila pigo, lianze pale mchoro unapoinuka, litoe kama WAV, lipe jina linaloeleweka. LMMS ina kitu kinaitwa AudioFileProcessor. Unaliburuta pigo lako mle, tayari una chinganga kwenye kinanda cha kompyuta.

FUNDI: Halafu analipanga kwenye visanduku.

PRODYUZA: Hapo kuna mtego. Programu zote hizi zinafunguka na visanduku 16 kwa mstari, kwa hesabu ya nne nne. Mzee, ngoma ya sindimba unaihesabu nne?

MZEE: Mimi sihesabu. Ila miguu inakwenda tatu tatu juu ya mbili. Ukinilazimisha mapigo yenu ya redioni, wachezaji watajikwaa.

PRODYUZA: Basi juu pale palipoandikwa 4/4 weka 12/8. LMMS inakubali. FL nayo ilipata uwezo wa kubadilisha hesabu za mizani ilipotoka FL Studio 20, mwaka 2018. Watu hawagusi hapo. Wanaacha 16, wanalazimisha ngoma ya nyumbani iingie kwenye nafasi ambayo siyo yake, halafu wanasema ngoma za asili haziendi na biti.

Nimemsikiliza Prodyuza kwa makini katika hili, kwa sababu ndipo ninapoona maana ya kumfundisha mtu kuweka programu vizuri. Kubofya "Next" mpaka mwisho kunaweza kufanywa na yeyote. Kujua kwamba mashine imekuja na mazoea ya wengine, na kwamba mazoea hayo yana mahali pa kubadilishwa, hiyo ni elimu. Wamakonde, Wayao na Wamakua wa wilaya hizi wana hazina ya mapigo ambayo haijagusa kompyuta.

FUNDI: Sawa. Nakubali kuandaa flashi nyingine yenye hizo mbili, na FFmpeg, na maelekezo ya Kiswahili kwenye ukurasa mmoja. Siahidi kwamba ile ya zamani naitupa leo. Nina watoto wanaokula kwa ile.

PRODYUZA: Anza kwa kuziweka zote mbili mezani, umwambie mteja ukweli wa kila moja. Wengine watakushangaza.

BINTI: Nina swali la mwisho, na ni kwako, Mzee. Nikirekodi ngoma zako, naruhusiwa kuziweka kwenye biti yoyote?

MZEE: Hapana, mjukuu wangu. Sindimba rekodi, ni ya uwanjani, kila mtu anaicheza. Za jando na unyago usiguse. Hata ukizisikia, hata ukizijua, hizo si za simu. Nyingine hata mimi sina mamlaka nazo, wapo akina mama wenye nazo. Kabla ya kurekodi chochote usichokijua, uliza.

PRODYUZA: Na sheria iko pamoja naye. Ile ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo usifikiri kwamba kitu kisicho na jina la mtunzi hakina mwenyewe. Na kwa upande wako, biti ukishaimaliza, isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na kwenye kila faili la ngoma andika jina la mpigaji, mahali, na tarehe. Weka nakala nje ya kompyuta, maana mashine hii itakufa siku moja.

MZEE: Na ikiuzwa?

BINTI: Ikiuzwa, mpigaji ana fungu lake. Tuandike kabisa kabla sijabonyeza kurekodi.

MZEE: Andikeni nusu kwa nusu. Halafu nisomewe, macho yangu hayaoni vizuri herufi ndogo.